Vina Juu ya Shaba: Sarafu za Kilwa na Thamani ya Kitu Kilicholika

Achukuliwe kwa mfano mkulima wa Likawage, bara ya wilaya ya Kilwa, anayepalilia ufuta wake. Jembe lagonga kitu kigumu. Anainama na kuokota kipande cha shaba cha duara, kimefunikwa na ukoga wa kijani, ukingo wake umelika, na juu yake yaonekana michoro inayofanana na maandishi. Anakifuta kwa kidole, anakitia kibindoni. Jioni, barazani, kipande hicho chapita mkono kwa mkono, na maswali yanayoulizwa ni mawili: ni cha kweli? Na chauzwa kiasi gani?

Maswali hayo ni ya zamani. Huulizwa pia na mnunuzi wa sarafu kuukuu za Kirumi katika maduka ya Ulaya, ambako vipande vilivyopasuka, vilivyotobolewa au vilivyosuguliwa huwekwa kapuni na kuuzwa kwa bei ya chini. Si maswali ya upuuzi. Ila yamekosa mwenzao wa tatu, ambaye alistahiki kutangulia: kipande hiki kilikuwa kimelala wapi, na jirani zake walikuwa nani? Historia ya mwambao wa Kilwa yaonyesha kwamba asiyeuliza swali hilo huweza kununua sarafu ya kweli kabisa na kurudi nyumbani na habari ya uongo.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika sarafu za Roma zenyewe. Kwa muda mrefu waandishi wa historia ya Afrika Mashariki walitamani sana kuiona Roma mwambaoni. Tamaa yao ilikuwa na msingi. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza Miladia na mtu aliyeijua Misri ya Kirumi, chaieleza pwani ya Azania hadi bandari yake ya mwisho, Rhapta. Kama sarafu ya kaisari ingefukuliwa katika mchanga wa pwani hii, maneno ya kitabu yangepata shahidi wa chuma.

Lakini kitabu chenyewe, kikisomwa kwa utulivu, chatoa tahadhari. Mwandishi wake alikuwa mtu wa biashara, naye aorodhesha bandari kwa bandari bidhaa zinazofaa kupelekwa. Afikapo kwenye bandari za Uhindi ataja fedha taslimu, na kweli ardhi ya Uhindi imetoa sarafu za Kirumi kwa maelfu. Afikapo Azania ataja mikuki, mashoka madogo, visu, nyuma na vitu vya kioo. Tena ataja mvinyo na ngano, si za kuuza bali za kutafutia urafiki wa wenyeji. Pesa hazimo katika orodha hiyo. Aliyekwenda Rhapta hakuhitaji mfuko wa dinari.

Basi haishangazi kwamba ushahidi madhubuti wa Roma katika pande hizi haukutoka kwenye sarafu. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Felix Chami alifukua katika eneo la Rufiji, kaskazini ya Kilwa, shanga za kioo zenye asili ya ulimwengu wa Kirumi, akatangaza matokeo hayo mwaka 1999. Shanga ni kitu kidogo, wala hazina sura ya mfalme. Hata hivyo zilitoka ardhini mbele ya macho ya wachimbaji, katika tabaka lililojulikana, na ndiyo maana neno lao likasikika.

Mfano wa upande wa pili ni ule wa Bur Gao, pwani ya kusini ya Somalia, mahali palipoitwa na Waingereza Port Durnford. Mwaka 1912 Kapteni C. W. Haywood alifika huko na kupata rundo la sarafu, naye hakulieleza kwa maandishi ila baada ya miaka kupita. Ndani yake mlikuwa na sarafu za ukoo wa Ptolemy wa Misri, za makaisari wa Roma kuanzia Nero mpaka wale wa karne ya nne, kisha za Wamamluki wa Misri, na hata za Zanzibar za karne ya kumi na tisa. Walikuwapo waliofurahi: Roma imepatikana! Lakini ni mfuko gani wa baharia unaoweza kubeba kwa pamoja pesa za miaka elfu mbili? Neville Chittick alipoikagua pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuona dalili za bandari ya enzi za Warumi.

Hakuna haja ya kudai kwamba sarafu za Bur Gao ni bandia. Yawezekana kila moja ilipigwa kweli Aleksandria au Roma. Kinachotia shaka ni safari yake: nani alizikusanya, lini, na zilifikaje chini ya mchanga ule? Rundo lenye sarafu za karne ya kumi na tisa haliwezi kuwa limefukiwa kabla ya karne hiyo, hata likiwa na uso wa Nero juu yake. Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo mnunuzi aghalabu huisahau. Uhalisi wa kitu ni jambo moja, na uhalisi wa habari yake ni jambo jingine.

Hata hivyo, ustadi wa kukikagua kitu chenyewe haufai kudharauliwa, kwa kuwa ghushi zipo, na zimekuwapo tangu pesa zilipoanza. Anayeishika sarafu ya kale huanza na mizani. Sarafu za aina moja huwa na uzito unaokaribiana; iliyopungua sana au kuzidi sana yataka maelezo. Kisha hutazama ukingo. Sarafu nyingi za Roma zilipigwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, na pigo husukuma madini kuelekea nje, likaacha nyufa ndogo pembezoni. Sarafu ya kughushi mara nyingi humiminwa katika kalibu. Hiyo huonyesha mshono ukingoni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, vitundu vidogo vya hewa usoni, na herufi zilizolegea kama sabuni iliyotumika.

Baada ya ukingo huja ukoga. Shaba iliyokaa ardhini karne nyingi huvaa vazi lililoshikamana nayo, gumu, lenye rangi zinazoingiana. Ukoga wa kupaka hukaa juu tu, huwa wa rangi moja, na hukusanyika mashimoni kama vumbi. Ukikwaruzwa kwa ukucha au kulowekwa maji hutoka. Wahenga walikwisha kulisema hilo kabla ya wauza sarafu: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Zaidi ya hapo, kuharibika kwenyewe ni lugha, na yataka kusomwa kabla ya kuhukumiwa. Mnunuzi mgeni aonaye sarafu ya fedha ya Kirumi ikichubuka na kuonyesha shaba ndani hudhani ameibiwa. Pengine ameibiwa, lakini huenda mwizi alikuwa kaisari. Mwaka 64 Nero alipunguza uzito na usafi wa dinari, na makaisari waliomfuata wakaendelea kupunguza. Ilipofika miaka ya 260, katika utawala wa Gallienus, sarafu iliyohesabiwa kuwa ya fedha ilikuwa na fedha isiyofika sehemu kumi katika mia, na uso wake ulichovywa ili ung'ae. Shaba inayochungulia katika sarafu ya miaka hiyo si dalili ya bandia. Ni habari ya dola iliyokuwa ikiishiwa.

Wapo pia waghushi wa zamani hizo hizo, waliochukua kiini cha shaba na kukivisha ngozi ya fedha safi. Wafanyabiashara wa wakati huo waliwajua, na wengine walikata sarafu kwa patasi kutazama ndani. Alama ya mkato huo hushusha bei leo, ila kwa msomaji wa historia ni sahihi ya mtu aliyesimama sokoni na mashaka yake. Tundu nalo laweza kusema kwamba sarafu ilivaliwa shingoni na mtoto au bibi harusi. Kusuguka kwa uso kwasema kwamba pesa ilipita mikono mingi kabla ya kupotea. Ila yote haya yapimwe kwa hadhari, maana mghushi hodari huivunja kazi yake mwenyewe makusudi, akijua kwamba mnunuzi humhurumia mzee. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na sarafu inayotembezwa mlango kwa mlango pamoja na hadithi ndefu yafaa kusikilizwa kwa sikio moja.

Wakati macho yote yakiitafuta Roma, mchanga wa Kilwa Kisiwani ulikuwa ukitoa, na wangali wakiziona wapitao ufukweni, sarafu nyingine kabisa. Ni ndogo, za shaba, nyepesi, nyingi zimelika. Hazina sura ya mtu wala mnyama. Hazina tarehe wala jina la mji. Zina maneno tu, kwa herufi za Kiarabu, na maneno yenyewe yana vina.

Jambo hilo lilielezwa kwa kina na John Walker, mtaalamu wa sarafu wa Makumbusho ya Uingereza, katika utafiti alioutoa mwaka 1936. Upande mmoja wa sarafu huwa na jina la sultani na la baba yake. Upande wa pili husema kwamba yeye amtegemea Mwenyezi Mungu, kwa sifa iliyochaguliwa ili ilingane kwa sauti na jina la upande wa kwanza. Panapoishia jina la Sulaiman, upande wa pili huishia kwa al-Mannan, Mwenye kuneemesha. Panapoishia al-Hasan, upande wa pili huishia kwa al-minan, neema. Ni shairi la mishororo miwili, mmoja kila uso, nalo halikamiliki mpaka sarafu igeuzwe.

Mpenzi wa ushairi hana budi kusimama hapa kidogo. Kaisari wa Roma aliweka uso wake juu ya pesa ili raia wamjue. Masultani wa Kilwa waliweka mizani ya maneno. Mchuuzi wa samaki, mwashi wa matumbawe, mwanamke aliyenunua ushanga, wote walishika mkononi kipande cha shairi, hata kama hawakuweza kukisoma. Na washairi wa mwambao, waliokuja baadaye kuifanya vina kuwa ndiyo sheria ya utungo, walikuwa wakitembea juu ya ardhi iliyokwisha kufukia maelfu ya vina vya shaba.

Vina hivyo vina faida hata kwa mkaguzi. Sarafu iliyolika upande wa jina huweza kusomwa kwa msaada wa upande wa sala: sauti iliyobaki nyuma huonyesha sauti iliyopotea mbele. Kitu kilichoharibika chajiponya kwa kanuni ya utungo wake, kama vile msikilizaji wa shairi awezavyo kulijaza neno aliloliruka mghani.

Sultani ajulikanaye zaidi katika sarafu hizo ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya kumi na nne na ambaye jina lake lahusishwa na jumba la Husuni Kubwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta madarakani. Asimulia kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake, na kwamba siku moja baada ya sala ya Ijumaa fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amevaa, naye akarudi msikitini, akabadili na kumpa. Mtu huyo ndiye ambaye shaba yake yamtaja Mungu kwa sifa ya kuneemesha. Msafiri na sarafu, bila ya kujuana, watoa habari moja. Al-Hasan alipiga na dhahabu pia: sarafu tatu za dhahabu zenye jina lake zilitangazwa na Helen Brown mwaka 1991.

Kwa sehemu kubwa, hata hivyo, dhahabu Kilwa ilikwenda kwa uzito. Wareno walipouteka mji huo mwaka 1505, mmoja wa waliokuwamo katika msafara wa Francisco de Almeida aliandika kwamba wenyeji walikuwa na sarafu za shaba, na kwamba dhahabu ilihesabiwa kwa miskali. Sarafu za shaba zilikuwa pesa za sokoni na za nyumbani. Hata uzito wake watofautiana sana moja kwa moja, jambo linalomsumbua mnunuzi aliyezoea mizani ya Roma. Kwa sarafu hizi mizani peke yake haiwezi kuhukumu.

Nini basi kiwezacho? Jibu la wazi kabisa lilitoka Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, wachimbaji walikuta akiba iliyofukiwa yenye sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa mwambao na zilikuwa na vina vile vile. Peke yake zisingesema ni za lini. Lakini dinari zilizolala nazo, za mtindo wa Fatimiya, zilikuwa na tarehe, na ya mwisho kati yake ilikuwa ya mwaka 1066. Kwa hiyo akiba ile ilifukiwa katika karne ya kumi na moja au muda mfupi baadaye.

Kati ya majina ya Mtambwe lilikuwamo la Ali bin al-Hasan, ambalo shaba ya Kilwa yalitaja kwa wingi. Chittick, aliyeichimba Kilwa kuanzia 1958 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974, alikuwa ameuweka mwanzo wa ukoo huo karibu na mwaka 1200. Akiba ya Pemba ikaurudisha nyuma zaidi ya karne nzima. Sultani mmoja alihamishwa kutoka zama moja hadi nyingine, si kwa sababu sarafu yake ilikuwa nzima au ya kung'aa, bali kwa sababu ilikutwa kitandani pamoja na wenzake. Lau mtu angezitoa dinari zile usiku na kuziuza, kisha akazitawanya zile za fedha kwa wapita njia, kila kipande kingebaki kuwa cha kweli, na historia ingekuwa imeibiwa.

Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, kimetoa funzo la namna hiyo hiyo. Wachimbaji waliofanya kazi huko kuanzia 2009, wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliandika kwa kila sarafu chumba au uwanja ilimopatikana. Wakakuta akiba moja yenye sarafu za shaba zaidi ya 300. Wakakuta nyingine zimetawanyika majumbani, na nyingine karibu na makaburi, ambako yaonekana pesa ilihusiana na kuwakumbuka marehemu. Katika kapu la muuzaji sarafu ya kaburini na sarafu ya jikoni ni ndugu mapacha. Ardhini, mmoja alikuwa akinunua mboga na mwenziwe akimkumbuka marehemu.

Sarafu za Kilwa zilisafiri pia. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, bara kabisa, nayo yaunganisha kwa kipande kimoja njia ya dhahabu ambayo Kilwa iliishi kwayo. Nyingine zina hadithi ya ajabu zaidi. Mwaka 1944 mwanajeshi wa anga wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India. Tano zikatambuliwa baadaye kuwa za Kilwa. Ziko katika makumbusho ya Sydney. Mwaka 2013 watafiti walirudi kisiwani wakiongozwa na alama aliyoiweka Isenberg kwenye ramani, na mwaka 2018 kipande kingine kilichochakaa sana, kinachodhaniwa kuwa cha Kilwa, kiliokotwa katika visiwa hivyo hivyo.

Wengi wamejenga juu ya sarafu hizo tano jahazi zima la Waswahili likitia nanga Australia. Mtu wa mwambao hupenda kuiamini habari hiyo, na mapenzi hayo ndiyo sababu ya kuwa na hadhari. Sarafu ni za kweli. Ila ziliokotwa mchangani zikiwa pamoja na pesa za Kiholanzi za karne za baadaye, wala hazikufukuliwa katika tabaka. Mkono uliozipeleka waweza kuwa wa Mswahili, wa Mreno, wa Mmakasar au wa Mholanzi. Aliyeikataa Bur Gao kwa sababu haimpendezi na kuikubali Wessel kwa sababu yampendeza amebadili mizani katikati ya soko.

Ndipo msomaji arudi Likawage, kwa yule mkulima na shaba yake. Kipande kiwezacho kuokotwa bara ya Kilwa ni cha namna nyingi, na herufi za Kiarabu peke yake hazimaanishi sultani wa Kilwa. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, ina Kiarabu na picha ya mizani. Pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyopigwa kuanzia 1890, ina Kiarabu upande mmoja, na upande wa pili tai. Baada yake ikaja heller, mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Nayo baadaye ikawa na tundu katikati ambalo lilitobolewa kiwandani, si na mvaaji. Vita vya 1917 vilipita katika bara hiyo hiyo, na Narungombe palipiganwa mwezi Julai wa mwaka huo. Askari na wapagazi walidondosha pesa njiani kama wadondoshavyo watu wote.

Kwa vipande vya Mjerumani umezuka uvumi mwingi: kwamba rupia fulani ina nguvu za ajabu, kwamba mzungu aitafuta kwa mamilioni. Uvumi huo umewafilisi watu. Thamani kubwa ya heller imo midomoni: Wajerumani waliondoka, pesa yao ikaondoka, jina likabaki, na mpaka leo Mtanzania asiye na kitu mfukoni husema hana hela.

Katika hilo pana jibu la kuwaliwaza waliokosa sarafu za Roma. Neno dinari ni la Kirumi. Liliingia katika Kiarabu kupitia ndimi za Mashariki, na Kiarabu kikalileta mwambaoni. Neno fulusi nalo lina nasaba ya namna hiyo hiyo: follis ya Kirumi, ikapita kwa Wayunani, ikawa fulus ya Waarabu, ikatua katika mashairi ya Waswahili. Shaba ya Kilwa ni fulusi kwa maana yake halisi. Roma ilifika pwani hii kweli, lakini ilifika ikiwa imevuliwa sura ya kaisari na kuvishwa sala. Kaisari mwenyewe hakuwamo chomboni.

Mkulima afanyeje? Kwanza asikisafishe. Ndimu, ukwaju na majivu vinafaa kwa sinia la shaba. Juu ya sarafu ya kale hula ukoga pamoja na herufi zilizofichwa chini yake, na kilichoondoka hakirudi. Pili, akumbuke mahali: shamba gani, kina gani, karibu na mti au kisima gani, na kama palikuwa na vigae au shanga. Tatu, atoe taarifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, huvilinda vitu vilivyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, humtaka aliyevigundua aseme, na hukataza kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Shaba ya Kilwa imo ndani ya mpaka huo, heller haimo.

Ushauri huo si mwepesi kwa mtu mwenye watoto na ada za shule, wala haifai kumlaumu kwa mbali. Mnunuzi wa njiani humpa noti papo hapo. Historia haimpi kitu. Lakini noti yenyewe huwa ndogo, kwa kuwa sarafu ya Kilwa iliyolika haina bei kubwa kwa mkusanyaji: haina sura, haina tarehe, haimetameti. Kinachouzwa kwa bei ndogo hiyo ni kitu ambacho hakuna awezaye kukinunua tena, yaani mahali pake.

Kati ya sarafu za shaba za Kilwa na Songo Mnara zimo nyingi zenye jina la Nasir al-Dunya, Mwenye kuinusuru dunia. Orodha ya masultani katika Tarikh ya Kilwa haimtaji mtu wa jina hilo. Mwandishi alimwacha, au alimjua kwa jina jingine. Wanahistoria wamebishana kuhusu zama zake, na watu walioishi chini yake hawakuacha wosia. Yote yanayojulikana kwake yamo katika vipande vya shaba vilivyopinda na kumomonyoka, vile ambavyo mnunuzi huvipindua mara moja kwa ncha ya kidole na kuvirudisha kapuni.